Gitaa la Mzee: toleo maalum au mtumba?

Najua nimepotea. Mwezi mzima blogu hii imefungwa kama duka lenye msiba. Zamu za usiku zimeniandama, na nikitoka kazini asubuhi ndiyo kwanza jua la Stockholm linachomoza, tena limechoka kuliko mimi. Leo niko mapumziko, chai ya tangawizi iko mezani, nje ni nyuzi 9 chini ya sifuri... basi niseme lililonileta.

Ni habari ya gitaa la Mzee. Mzee mwenyewe hasomi blogu, kwa hiyo yeyote atakayemnong'oneza kabla ya mimi kufika Morogoro mwezi wa saba, dhambi iko juu yake!

Kwa wasiojua mkasa: tulikubaliana kwenye kundi la familia tuchange, tumnunulie Mzee gitaa. Tumechanga miezi 14, na ukigeuza kwa pesa ya huku imefika krona 24,000. Kaka akatuma video ya gitaa la toleo maalum, nakala ya gitaa la Kimarekani la miaka ya 1930. Yametengenezwa 100 tu, na kila moja lina namba yake ndani. Wote mkasema hilo hilo! Bei yake krona 38,900, nami nikaahidi kujazia kwa zamu za ziada. Halafu wiki tatu zilizopita nikaandika kwamba silinunui, nimenunua gitaa la zamani lililokwisha kutumika.

Wajameni! Kundi likawaka moto. Baba mdogo akaandika kwa herufi kubwa: UNAMLETEA KAKA YANGU MTUMBA KUTOKA ULAYA? Na mwingine, simtaji, anajijua, akauliza chenji iko wapi.

Ni maswali ya haki. Pesa ni zenu, wengine mmejinyima. Kwenye simu nilishindwa kueleza bila kupandisha sauti, kwa hiyo naeleza hapa, taratibu. Msimamo wangu ni huu: maneno "toleo maalum" yanakuambia magitaa mangapi yametengenezwa. Hayakuambii kama gitaa ni zuri, na hayakuambii kabisa kama litamfaa Mzee.

Nianze na Mzee mwenyewe. Alikuwa kijana Morogoro wakati Mbaraka Mwinshehe yuko Morogoro Jazz. Vijana wa mtaani hawakuwa na magitaa ya umeme. Walijifunzia gitaa kavu, lile ambalo wazee mpaka leo wanaliita galatoni. Jina hilo limetoka kwa Gallotone, magitaa ya bei rahisi yaliyotengenezwa Afrika Kusini na kampuni ya Gallo, hao hao waliokuwa wakitoa santuri. Mzee alikuwa nalo moja. Mimi nililikuta lina kiraka cha bati ubavuni na nyuzi mbili zisizofanana na zingine, lakini akilishika jioni majirani walikuwa wanaleta viti. Mwaka niliopata nafasi ya kusomea shahada ya uuguzi, baiskeli iliondoka, redio ikaondoka, na galatoni ikaondoka. Sijui ilitosha kulipa nini, pengine godoro na nauli tu. Niliuliza gitaa liko wapi, akasema limeazimwa. Mpaka leo limeazimwa...

Kwa hiyo msidhani nafanya ubahili kwenye jambo hili. Kama kuna mtu anayedaiwa gitaa na Mzee, ni mimi.

Na hiyo galatoni tusiidharau. Gitaa alilokuwa nalo John Lennon mwaka 1957, akiwa na miaka 16, siku alipokutana na Paul McCartney kwenye sherehe ya kanisa pale Liverpool, lilikuwa Gallotone! Ndani lilikuwa na karatasi inayoahidi kwamba halitapasuka. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa pauni 140,000. Bei hiyo haikutokana na mbao zake. Kilichopandisha bei ni mikono iliyolishika. Lishikeni hilo, maana magitaa mengi ya toleo maalum yanauza jambo hilo hilo: jina la mtu, au jina la mwaka.

Basi nilikwenda dukani kuliona. Sisi wauguzi tumefundishwa kumpima mgonjwa kwa kumtazama, kumgusa, kumgonga na kumsikiliza. Huanzi na bahasha yake ya bima. Nikaamua gitaa nalo nilipime hivyo hivyo.

Kwanza kutazama. Gitaa linapoitwa nakala ya la zamani, uliza: kilichorudishwa ni nini hasa? Umbo tu? Rangi? Au na namna ya kulijenga? Chukueni mfano wa Martin D-28, gitaa linaloigwa kuliko mengi. Mpaka 1944 zile mbavu za ndani zinazoshikilia uso wa gitaa zilikuwa zinachongwa ziwe nyepesi katikati. Baadaye kiwanda kikaacha kuzichonga, kwa sababu watu walifunga nyuzi nene na nyuso zikawa zinavimba. Mwaka 1969 kikaachana na rozwudi ya Brazili, ikaingia ya India. Mwaka 1976 mbavu zilizochongwa zikarudi, kwenye HD-28. Kwa hiyo "kama la zamani" inaweza kuwa na maana tatu au nne tofauti. Kuna nakala zilizofuata mbavu, gundi na unene wa mbao mpaka mwisho, na kuna zilizofuata rangi ya uso na herufi za kichwani tu. Zote zinaitwa nakala, na zote zinaweza kuwa 100 tu.

Kingine cha kutazama ni ukingo wa lile tundu la katikati. Ukiona mistari ya mti inashuka moja kwa moja kutoka juu mpaka ukingoni, uso ni ubao mmoja. Ukiona matabaka kama ya plaiwudi, ni plaiwudi, hata karatasi iseme nini. Lile la dukani lilikuwa ubao mmoja, sprusi safi. Hapo nililipa alama zake zote.

Pili kugusa. Nikapitisha kiganja pembeni mwa shingo, na ncha za freti zikanikwaruza kama msumeno. Ubao wa shingo ulikuwa umesinyaa, vyuma vikabaki vimechomoza. Nikapima kwa rula urefu wa nyuzi kutoka freti ya 12. Wengi hupenda kama milimita 2 na nusu kwa uzi mnene na 2 hivi kwa mwembamba, na kwa mzee mwenye vidole vinavyouma ningetaka pungufu kidogo. Huo mnene ulikuwa karibu milimita 4. Gitaa la krona 38,900! Mwenye duka, mtu mwungwana kweli, akasema wazi kwamba ni majira ya baridi, hewa ya ndani imekauka, na linahitaji kurekebishwa. Namba ilikuwa 61 kati ya 100, na haikunisaidia kitu kwa vidole vya Mzee.

Tatu kugonga. Ukigonga uso taratibu kwa kidole karibu na daraja, unatakiwa usikie mlio unaoishi kidogo. Ukisikia mchakacho, pengine kuna ubavu umebanduka ndani. Hapo lilikuwa zima.

Nne kusikiliza, na hapa ndipo watu wanadanganyika. Macho yakishaona namba na bei, masikio yanakuwa mashahidi wa uongo. Nilikwenda na rafiki yangu Mkongo wa Bukavu, anapiga gitaa kanisani. Nikageuka ukutani, nikafumba macho, yeye akawa anapiga magitaa manne kwa zamu, wimbo ule ule, mara tatu. Mara mbili kati ya tatu nilichagua gitaa la kawaida la kampuni hiyo hiyo, la krona 14,000. Mara ya tatu nikachagua toleo maalum la kampuni nyingine kabisa, na hilo niseme ukweli, lilikuwa zuri mno, sauti inajaa chumba kama mtu anayejua anachosema. Kwa hiyo sisemi matoleo maalum ni utapeli. Mengine yametengenezwa na mafundi bora wa kiwanda, mbao zimechaguliwa moja moja. Ninachosema ni kwamba huwezi kulijua lipi ni lipi kwa kusoma karatasi.

Na si mimi peke yangu niliyegeuka ukutani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walifanya jambo kama hilo kwa umakini zaidi. Magitaa 6 yalitengenezwa na fundi mmoja, tofauti ikiwa ni mti wa mgongo na ubavu peke yake. Wapigaji 52 wakapewa wapige bila kuona vizuri wanachoshika. Matokeo yalitoka mwaka 2018: rozwudi ya Brazili ya bei mbaya na miti ya bei poa walishindwa kuzitofautisha kwa uhakika. Tena fundi Mhispania Antonio de Torres alikwishasema hivyo kwa vitendo mwaka 1862, alipotengeneza gitaa lenye mgongo na ubavu wa makaratasi magumu na uso wa ubao mzuri. Uso ndio unaoimba.

Hapa niwachekeshe kidogo. Pale dukani palikuwa na gitaa lingine la bei ya kutisha, mgongo mweusi unang'aa, na mwenye duka akanieleza kwa heshima zote kuwa ni mti adimu wa Afrika. Nikainama kusoma. Mpingo! Mpingo wetu, wa vinyago vya Wamakonde, wa Kilwa huko. Rozwudi ya Brazili ilizuiwa kwenye biashara ya kimataifa mwaka 1992, na mpingo, ambao ni wa ukoo mmoja nayo, ni mmoja wa miti inayoshika nafasi yake. Nilijisikia kama nimekutana na mtu wa kwetu kwenye treni. Lakini kwa hayo ya Lancaster, hata mpingo nisingeulipia krona 20,000 za ziada, na mnisamehe watu wa Kilwa.

Haya, sasa jambo lililoniamulia kabisa: hali ya hewa. Sikulifikiria mpaka nilipoziona zile freti. Ndani ya nyumba zetu za Stockholm wakati wa baridi unyevu wa hewa unaweza kushuka mpaka asilimia 20 na kitu. Viwanda vingi hutengeneza magitaa kwenye unyevu wa asilimia 45 mpaka 50. Morogoro wakati wa masika unajua mwenyewe, hata chumvi inalia machozi mezani. Ubao mmoja mwembamba ukitoka huku kwenda huko unavimba, uso unapanda, na nyuzi zinapanda nao. Zaidi ya hapo, nakala zile za uaminifu kabisa zimegundishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, kama zamani. Ni gundi nzuri, mafundi wanaisifu, lakini joto na unyevu vikiungana inalegea. Sasa fikirieni gitaa hilo ndani ya buti la gari pale Msamvu saa nane mchana... Kadiri lilivyoiga vizuri uzuri wa la zamani, ndivyo lilivyoiga na udhaifu wake. Ndiyo maana ile galatoni, ambayo kwa vipimo vya dukani ni takataka, iliishi kwetu miaka zaidi ya 30. Plaiwudi haina sauti tamu sana, lakini haina presha.

Kazini hatumruhusu mgonjwa aende nyumbani bila kuuliza: nyumbani kuna ngazi? Kuna mtu wa kumpikia? Gitaa nalo linakwenda nyumbani kwa mtu. Ubora wake uupime kwa nyumba hiyo.

Basi nikaanza kutafuta la zamani, na sikutoka nje ya Sweden. Mwaka 1900 bwana mmoja aitwaye Herman Carlson Levin alianzisha kiwanda cha ala za muziki mjini Göteborg. Magitaa ya Levin yakaenea nchi hizi zote za kaskazini, na Marekani yakauzwa kwa jina la Goya. Mwaka 1973 Martin wenyewe wakakinunua kiwanda hicho, na kabla ya muongo mwingi kupita kutengeneza kukakoma. Huku yamejaa kwenye madari ya nyumba za wazee, na kwa kuwa yalitengenezwa mengi, bei haijapanda wazimu. Hakuna anayeyaita toleo maalum.

Nilitazama manne kwa wiki mbili. La kwanza mgongo wake ulionekana kama rozwudi ya Brazili, nikaliacha hapo hapo. Gitaa lenye mti huo likivuka mpaka linahitaji kibali, na likikosa linaweza kukamatwa. La pili lilikuwa na ufa. La tatu shingo ilikuwa imeinama kwa uzee, maana nyuzi za chuma zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 70 usiku na mchana. La nne ndilo. Ni la miaka ya 1960, uso wa sprusi, mgongo wa mahogani, lina mkwaruzo mrefu mbele na harufu ya kabati la bibi. Nikalipima vile vile: kutazama, kugusa, kugonga, kusikiliza. Rafiki yangu Mkongo akalipiga, akanyamaza, halafu akapiga tena bila kuombwa. Anayeujua mchezo akipiga mara ya pili bila kuombwa, hiyo ni ripoti tosha.

Hesabu hii hapa, mbele ya wote. Gitaa krona 4,200. Fundi wa hapa Södermalm amenyoosha freti, ametengeneza mfupa mpya wa darajani na kushusha nyuzi mpaka zikanifurahisha: krona 2,600. Sanduku gumu 1,500. Nyuzi nyepesi seti 6, zile zenye utando usioshika kutu haraka, 900. Jumla 9,200. Zimebaki 14,800, sijagusa hata moja, na ushahidi wa benki ameshatumiwa Shangazi kwa sababu yeye ndiye mweka hazina. Pendekezo langu ni kwamba zilipie daktari wa mikono ya Mzee na mazoezi ya viungo, kwa sababu gitaa la bei yoyote bila vidole ni pambo la ukutani. Lakini pesa ni zenu, semeni.

Sasa Baba mdogo, kwa heshima zote. Neno mtumba linauma, najua linakouma. Tumevaa ya watu, tumetibiwa kwa mashine walizozichoka watu, na mtu akiwa na mtoto Ulaya anataka siku moja afungue boksi lenye harufu ya upya. Sikulaumu. Hata mimi pale dukani nilipoliona lile namba 61 limelala kwenye sanduku lake la velveti moyo uliruka. Nilijiona naingia nalo nyumbani, watu wamejaa sebuleni, mnalipitisha mkono kwa mkono mkisoma namba. Halafu nikajiuliza, baada ya hapo? Ninamjua Mzee. Gitaa la bei ya kiwanja angeliweka juu ya kabati, alifunike kitambaa, awaonyeshe wageni. Asingethubutu kulipiga nje jioni, mjukuu asingeruhusiwa kuligusa. Lingekuwa letu sisi tuliolinunua, la kutuonyesha kwamba tumefika. Hili lenye mkwaruzo atalishika siku ile ile, na mtoto akiliangusha litapata mkwaruzo wa pili.

Nataka gitaa litakaloisha mikononi mwake. Kama hilo ni kosa, nimelikosea kwa makusudi, nalibeba mwenyewe.

Mwezi wa saba nitakuja nalo. Nawaomba wote muwepo, na Baba mdogo uwe wa kwanza. Mzee akishalitundika gotini na kulipiga, wewe geuka ukutani, fumba macho, usikilize. Ukisema halifai, nitaliacha lako kwenye bajeti ya mwakani, la namba, la velveti, na nitalipia mwenyewe!

Maoni yenu nayasubiri hapa chini au kwenye kundi, hata ya matusi, ila yawe ya adabu. Msalimieni Mzee, mwambieni nipo salama na nakula vizuri. Mengine yote funga mdomo!

Tuko pamoja. Ni mimi wenu wa kwenye theluji, Stockholm.